Panga Safari kwa Maji, Si kwa Kilomita

Maswali ya wasomaji, majibu ya Mwalimu mstaafu wa Mpwapwa

Wasomaji wangu, mwezi huu bahasha imejaa barua za watu wanaotaka kutembea kwa miguu. Si matembezi ya kuzunguka uwanja, bali ya kushika njia asubuhi na kufika mahali jioni. Nimefurahi sana. Nimezijibu zile zinazogusa jambo moja ili ziende pamoja, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu inastahili.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 31, nafanya kazi ya ofisini hapa Dodoma. Siku nzima nimekaa kwenye kiti, mgongo unauma. Tuko marafiki wanne, tumesikia kwamba njia ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo mpaka Ujiji, ilipita mkoani kwetu. Likizo ya kuitembea yote hatuna. Tunataka Jumamosi moja tu. Tuanzie wapi, tuishie wapi, na ni kilomita ngapi kwa siku?*
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

Marahaba mwanangu, wewe na wenzako. Swali lako nimelisubiri miaka mingi. Nimefundisha historia na jiografia katika shule za msingi za wilaya hii kwa miaka 34, na kila nilipofika kwenye somo la misafara niliwaambia watoto kwamba njia ile haikuishia kitabuni, ipo nyuma ya mashamba ya baba zao. Wachache walinisadiki.

Njia yote ni kama kilomita 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, ikitaja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa ni yetu sisi wa Dodoma, Kilimatinde iko kwa jirani zetu wa Manyoni. Kwa hiyo mna kituo kizima cha njia hiyo umbali wa kilomita kama 120 kutoka mnapolala.

Kipande ninachowachagulia ni Mpwapwa hadi Chunyo kwa kupitia Kisokwe. Ni matembezi ya nusu siku kwa mwenye miguu mizuri, na ya siku nzima kwa anayetaka kuangalia anakopita. Sasa sikiliza. Umeniuliza mahali pa kuanzia, mahali pa kuishia na kilomita, ila maji hukuyauliza. Wapagazi waliopita hapa wakiwa na mzigo wa kilo thelathini na zaidi begani wasingekuuliza kilomita hata kidogo. Wangekuuliza maji yako wapi, matamu au machungu, na kutoka hayo mpaka yanayofuata ni mwendo wa jua gani. Njia nzima ilichorwa hivyo. Ukiiona kwenye ramani imepinda pasipo na mlima wala bonde, ujue imefuata kisima.

Ndiyo maana nakupa Mpwapwa na Chunyo. Vituo hivi viwili ni jirani, lakini maji yake hayafanani kabisa. Mpwapwa ina vijito vinavyoshuka kutoka milimani, na misafara iliyotoka pwani ilipumzika hapa siku kadhaa: watu wakafua, wakaponya miguu, wakanunua nafaka na kuku. Chunyo, upande wa magharibi, ndipo palipokuwa na maji ya mwisho kabla ya nyika, na yenyewe yalikuwa machungu. Baada ya hapo ilianza Marenga Mkali, zaidi ya maili 30 bila maji ya kutegemea. Kwa Kigogo maji ni malenga. Wageni waliandika walivyosikia, na jina likabaki hivyo vitabuni: maji makali.

Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifika Mpwapwa mwezi Mei, akienda kumtafuta mmisionari Livingstone. Hapo alimwacha mwenzake, baharia Mskoti aitwaye Farquhar, ambaye alikuwa mgonjwa hawezi tena kusafiri, na Farquhar akafia hapohapo Mpwapwa. Stanley akaendelea na kuivuka Marenga Mkali, na kadhaa kati ya punda wake wakafa. Mwenyewe aliyalaumu maji machungu waliyokunywa. Watoto darasani hukumbuka Ujiji na ile salamu yake kwa Livingstone, lakini mimi hukumbuka punda, maana nimeyaonja maji yale.

Wapagazi walikuwa na neno la mwendo wa kuvuka nyika kama hii: terekeza. Msafara haukutoka asubuhi. Watu walipika na kula mchana, wakajaza vibuyu, wakatoka jua likiwa limeanza kushuka, wakatembea mpaka giza. Walilala bila kupika, maana maji ya kupikia hayakuwepo, wakaamka usiku mkubwa na kutembea tena, ili kabla ya jua la mchana wawe wamefika kwenye maji ya pili. Fikiri vizuri jambo hili. Kwa kutoka mchana badala ya asubuhi, nyika ya siku mbili walilala humo usiku mmoja tu, na kati ya kinywaji cha mwisho na kinachofuata walipigwa na jua kali mara chache zaidi. Hawakuwa na saa mkononi wala daktari wa kuwaeleza. Kila ninapoieleza hesabu hii huwavulia kofia watu wale, kwa sababu historia imeyaandika majina ya waliobebewa mizigo na kuyaacha ya walioibeba.

Haya, sasa siku yenu. Njooni Mpwapwa Ijumaa jioni mlale. Ukitoka Dodoma Jumamosi alfajiri utafika jua limeshapanda, na utakuwa umeipoteza sehemu bora ya siku. Saa kumi na moja na nusu muwe barabarani. Kama ni Julai mtatetemeka, upepo wa kwetu asubuhi hauna huruma, lakini msivae makoti mazito kwa kuwa baada ya saa moja mtayabeba. Shuka au khanga nzito inatosha: asubuhi ya kujifunika, mchana ya kutandika chini.

Mnaelekea magharibi, kwa hiyo jua linachomoza nyuma yenu, na milima ya Kiboriani mnaiacha kisogoni. Geukeni muiangalie jua linapoigusa, ni dakika chache tu. Mpaka Kisokwe mimi hutumia saa mbili, bila haraka. Hapo kaeni. Kuleni viazi vitamu na karanga, jazeni chupa zote, kila mtu anywe mpaka ashibe. Usimsikilize anayesema hana kiu. Mwendo wa asubuhi na upepo wa baridi huficha kiu. Jasho linakauka kabla hujaliona, nawe unadhani hujapoteza kitu.

Baada ya Kisokwe mtaona nchi inabadilika. Miti inakuwa mifupi na yenye miiba, mibuyu inasimama mbalimbali, na makorongo ni ya mchanga mtupu. Ardhi mahali pengine ina weupe juu, kama mtu aliyemwaga unga akaufagia vibaya. Usiupite. Chuchumaa, ukwangue kidogo kwa ukucha, uuguse kwa ncha ya ulimi kisha uteme. Ni chumvi. Mvua kwetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na ni haba. Maji yanazama kidogo, yanayeyusha chumvi za udongo, kisha miezi yote ya kiangazi jua linayavuta juu tena. Maji yanakwenda hewani na chumvi inabaki. Miaka na miaka ya kazi hiyo ndiyo iliyofanya visima vya nchi hii viwe vichungu.

Sasa nikueleze kwa nini nasisitiza saa. Mwaka 1991 niliwachukua wanafunzi wa darasa la sita, 27, kwenda Chunyo kwa miguu. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao leo siwezi kumshauri mtu yeyote. Tulichelewa kutoka kwa kusubiri watoto wawili waliotumwa nyumbani, tukaondoka saa tatu. Kila mtoto alikuwa na chupa moja ndogo. Nilikuwa mwalimu kijana na niliamini kilomita: njia ni fupi, tutafika. Saa sita kasoro, baada ya Kisokwe, mvulana wa miaka kumi na miwili akaanza kuongea maneno yasiyoshikana. Nikamgusa paji la uso, lilikuwa kavu na la moto kama sufuria. Chupa zote zilikuwa tupu, yangu pia.

Tulimweka chini ya mbuyu, kwenye kivuli cha shina, maana mbuyu wa Oktoba hauna majani. Mama mmoja alikuwa akipita na ndoo kichwani, tupu, anakwenda kuchota. Aliangalia mara moja tu. Akatelemka korongoni, akapiga magoti mahali ambapo mimi niliona mchanga mkavu kama ulivyo kote, akaanza kuchimba kwa mikono na kata. Alichimba mpaka mkono ukaingia hadi kwapa. Mchanga ukageuka rangi, ukawa kama sukari guru, kisha maji yakaanza kujikusanya chini, polepole. Ya kwanza akayachota akayamwaga. Ya pili akayamwaga vilevile. Alisubiri. Ya tatu yalikuwa meupe, akayaonja, ndipo akajaza kata na kunikabidhi. Alinifundisha kwa ishara nimloweshe mtoto kwanza kichwa, shingo na makwapa, kisha nimpe maji funda dogo dogo, si kumimina.

Mtoto alipofumbua macho, mama yule akaniuliza, "Umewatoa saa ngapi hawa?"

Nikamjibu, saa tatu. Hakusema neno. Alirudi korongoni kuchimba ya wengine.

Maji yale yalikuwa baridi na karibu matamu, na baadaye nilielewa sababu. Korongo linapojaa msimu wa mvua, mchanga unanyonya maji, na yakishakaa chini sana jua haliyafikii, kwa hiyo chumvi haijirundiki kama kwenye visima vya mbugani. Mchanga wenyewe unayachuja. Watu wa kwetu wanajua korongo lipi lina maji mpaka Oktoba na lipi linakauka Agosti, ni elimu ambayo mama humwachia binti. Mgeni hawezi kuiona kwa macho. Kwa hiyo msije mkategemea kuchimba. Bebeni lita nne kila mmoja kutoka Mpwapwa na mjaze tena Kisokwe.

Mkitoka saa kumi na moja na nusu mtafika Chunyo kabla ya saa tano, na mapumziko yote yamo. Kaeni kivulini, mkae kabisa, msitembee tena mpaka saa tisa. Anayetaka kurudi Mpwapwa kwa miguu jioni arudi, na jua litakuwa mgongoni tena kwa sababu sasa anaelekea mashariki. Wengine wapande bodaboda. Kabla ya kuondoka, nendeni ukingo wa magharibi wa kijiji, mtazame kule misafara ilikokwenda. Leo huko kuna mashamba na vijiji, watu wanaishi. Lakini simameni pale saa tisa mchana, chupa ikiwa na funda moja, mtaelewa terekeza bila mwalimu.

Miezi mizuri ni Juni, Julai na Agosti. Mei mnaweza, ila nyasi ni ndefu. Msimu wa mvua msije, kwa sababu korongo kavu linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo hamkuisikia hata radi yake.

*Mwalimu, shikamoo. Mume wangu anasema maji ya chumvi ukiyachemsha yanakuwa mazuri, kwa hiyo tukisafiri tusibebe mzigo wa maji, tubebe sufuria. Mimi nina wasiwasi. Nani yuko sahihi?*
Mama wa watoto watatu, Kibaigwa

Marahaba mama. Wewe uko sahihi. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, na kwa maji ya korongo au kisima cha wazi ni lazima. Chumvi haifi kwa moto. Maji yanapungua kwa mvuke na chumvi yote inabaki sufuriani, kwa hiyo unayoyaepua ni machungu kuliko uliyoyateleka. Chumvi za aina ile zinaharisha tumbo, na anayeharisha juani anapoteza maji mara mbili. Mwambie baba watoto, kwa upole, kwamba sufuria ibebwe lakini maji pia yabebwe.

Na ukiwa na watoto, weka kwenye mfuko sukari na chumvi ya jikoni. Mtu akiharisha au akilegea kwa jua, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi. Anywe kidogo kidogo. Akiacha kutoka jasho, akaongea ovyo, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, safari imekwisha, mpeleke zahanati.

*Mwalimu, tulikwenda watu sita kutembea njia ya misafara upande wa Ugogo. Tulipofika kijiji kimoja, mzee akataka tumpe elfu ishirini ndipo atuoneshe njia na mahali pa maji. Mwenzetu akasema hii ni hongo, tukakataa. Tulipotea saa tatu. Je, tulikosea?*
Msomaji, Kisasa, Dodoma

Mlikosea, na nakwambia bila kukuficha kwa kuwa umeuliza kwa moyo mweupe. Mzee yule alitaka ujira wa kazi. Anaacha shamba lake, anatembea nanyi, anawaonesha kitu ambacho ninyi hamkijui. Elfu ishirini kwa watu sita haifiki hata elfu nne kila mtu.

Lakini neno mlilolitumia limenisimamisha. Leo hongo ni rushwa, mtu anakamatwa. Zamani, kwenye njia hiyohiyo mliyoitembea, hongo lilikuwa jina la ushuru, na ulidaiwa hadharani. Msafara ulipoingia nchi ya Wagogo, kila mtemi alitaka hongo yake kabla ya kuruhusu watu wapite, na mara nyingi kabla ya kuruhusu wachote maji. Ililipwa kwa nguo: merikani, kile kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani kikaachiwa jina hilo, na kaniki, ile nyeusi ya buluu. Ililipwa pia kwa ushanga na nyaya za shaba. Nguo zilipimwa kwa doti. Mama zetu wanaponunua doti ya khanga leo wanatumia kipimo cha wapagazi.

Wasafiri wa Ulaya walilalamika sana juu ya hongo na kuwaita Wagogo wanyang'anyi. Nimesoma malalamiko hayo na naelewa hasira ya mtu aliyelipa mara tano kabla ya kuvuka nchi moja. Ila nawe nisaidie kufikiri. Msafara wa mamia ya watu na punda unafika kwenye kisima kilichochimbwa na wenyeji kwa mikono, katika nchi ambayo mvua ni miezi mitano. Unakunywa usiku mmoja maji ambayo kijiji kingekunywa wiki. Kesho unaondoka na haurudi. Wenyeji wafanye nini? Sisemi kila mtemi alikuwa mwadilifu, wako walioinyoosha kamba mno. Lakini mizizi ya ushuru ule ilikuwa majini, na mtu aliyewahi kusubiri kisima kijae tena usiku anaijua bei yake.

Kwa hiyo mkienda tena, fanyeni hivi. Mkifika kijijini, nendeni kwanza kwa mtendaji au mwenyekiti, mjitambulishe, mseme mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Muulizeni yeye nani anaijua njia. Kubalianeni malipo mbele yake kabla ya hatua ya kwanza. Na yule mzee, kama mnakumbuka kijiji, mrudieni.

*Viatu gani? Nimeambiwa ninunue buti za laki mbili.*
Kijana, Area C, Dodoma

Viatu vyovyote ambavyo mguu wako umeshavizoea, vyenye soli ngumu. Miiba ya kwetu inapita soli laini kama sindano kwenye khanga. Wafugaji wanatembea na katambuga za matairi siku nzima na miguu yao ni mizima, ila wewe ukizivaa leo kwa mara ya kwanza utatoka malengelenge kabla ya Kisokwe. Laki mbili yako iweke. Nunua soksi nzito jozi mbili na kibanio cha kung'olea miiba.

*Mwalimu, shikamoo. Nilitembea na mume wangu Julai iliyopita kutoka Mpwapwa. Yeye alifurahi, mimi niliona vichaka na vumbi. Samahani kama nakukwaza. Nini hasa cha kuangalia?*
Msomaji wa kike, Kongwa

Marahaba, wala hujanikwaza. Nchi yetu haijioneshi kwa mbali kama nchi ya milima ya kijani. Inabidi uisogelee.

Safari ijayo chagua mbuyu mmoja tu, mkubwa, ulioko karibu na njia, ukae nao nusu saa. Kwanza weka kiganja kwenye gome. Utakuta ni laini na la baridi kuliko ulivyotegemea, hata saa sita, kwa kuwa ndani umejaa maji kama sifongo. Zunguka shina utafute makovu. Yale mabaka mapana yaliyobonyea, kimo cha mtu, ni mahali walipobandua gome kusokota kamba, kisha mti ukajifunika tena. Mti mwingine ungekufa. Angalia juu kidogo, utaona vigingi vya miti vimepigiliwa kwenda juu kama ngazi. Mtu alipanda kufuata asali au matunda, na vigingi vya zamani vimemezwa na gome, vimebaki kama vidole. Sogeza sikio. Kama kuna nyuki ndani utawasikia, basi ondoka taratibu bila kelele.

Chini utaokota tunda lenye manyoya kama ya mwili wa panya. Lipasue kwa jiwe. Ubuyu ule mweupe weka kipande mdomoni unapotembea, mate yatakuja na kiu itatulia kwa muda. Mibuyu mingine ya njia hiyo ilikuwepo misafara ilipopita, maana mbuyu mkubwa huishi karne kadhaa. Mtu aliyetua mzigo wake kwenye mizizi ile mwaka 1871 alikaa unapokaa wewe.

Halafu kitu kingine, tazama reli ilipo kwenye ramani kabla hujatoka nyumbani. Wajerumani walipojenga reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, hawakuipitisha Mpwapwa mjini wala Chunyo, waliipitisha kusini, Gulwe. Treni nayo ilihitaji maji na mteremko wake. Siku ile njia ya miguu ilianza kukaa kimya. Mama yangu aliniambia bibi yake aliwahi kuuza kuku kwa misafara, na kwamba alipokuwa mzee aliulizia kwa nini watu hawapiti tena. Ukitembea pale na kuona vichaka na vumbi, kimya hicho kina tarehe yake.

*Mwalimu, bado unatembea mwenyewe? Tunaweza kwenda pamoja?*
Wanafunzi watatu wa chuo, Dodoma

Bado natembea, ila goti la kulia linaniruhusu mpaka Kisokwe tu. Kutoka hapo nachukua bodaboda na kuwasubiri watu Chunyo. Jumamosi ya pili ya Julai nitatoka stendi ya Mpwapwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, na sitasubiri mtu, mnajua kwa nini. Kila mmoja na lita zake nne, kofia na shuka. Viazi nitachemsha mimi.

Tukifika Chunyo tutapita kwa mama yule wa korongoni. Sasa ni bibi, macho yamefifia lakini sauti yangu anaitambua nikiwa bado nje ya uzio. Husema chai ya maji ya kwao haina ladha ya chai, kwa hiyo kila safari nampelekea dumu la lita tano la maji ya mlimani. Mwaka huu siwezi kulibeba. Mtapokezana, na anayelishika asilitikise sana, maana kifuniko chake kinavuja.